Umri wa Chembe na Umri wa Tabaka: Kuchakaa kwa Miamba na Uundwaji wa Miamba Mashapo katika Bonde la Olduvai

1.0 Utangulizi

Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona mabaki ya fuvu yakichomoza kwenye mteremko wa Bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania. Mabaki hayo, yaliyopewa jina la Zinjanthropus, hayakuweza kupimwa umri moja kwa moja. Mwaka 1961 ilitangazwa kuwa yalikuwa na umri wa takribani miaka milioni 1.75, na kipimo hicho kilitokana na madini ya volkano yaliyomo katika matabaka yanayohusiana nayo. Kwa hiyo, umri wa fuvu ulitegemea jibu la swali moja la kijiolojia: chembe za madini hayo zilifikaje pale zilipokutwa?

Makala haya yanafafanua hatua nne za uundwaji wa miamba mashapo, yaani kuchakaa, kusafirishwa, kutua na kushikamana, kwa kutumia mfano wa Olduvai. Hoja yake kuu ni kwamba chembe huwa na umri wake na tabaka huwa na umri wake, na kwamba mtafiti asiyezitenganisha hatua hizo huweza kuuchukua umri wa kwanza akidhani ni wa pili.

2.0 Kuchakaa kwa Miamba

Kuchakaa ni kuvunjika au kuoza kwa mwamba ukiwa mahali pake. Mmomonyoko ni kung'olewa na kuondolewa kwa mabaki yake. Katika mazungumzo ya kawaida dhana hizi mbili huchanganywa, lakini katika jiolojia kila moja huacha ushahidi wake.

Kuchakaa kwa kimaumbile huupasua mwamba bila kubadili madini yake. Joto la mchana na baridi ya usiku, mizizi inayopenya nyufani, pamoja na chumvi inayoganda ndani ya vitundu vya mwamba, vyote huleta matokeo hayo. Kuchakaa kwa kikemikali hubadili madini yenyewe. Maji ya mvua huyeyusha hewa ya kaboni dayoksaidi na kuwa asidi hafifu. Asidi hiyo inapokutana na felspa, madini hayo hugeuka polepole kuwa mfinyanzi, huku sodiamu na potasiamu zikichukuliwa na maji. Madini yenye chuma hupata kutu na kuupa udongo rangi nyekundu. Kwatzi, kwa upande wake, hustahimili sana, na ndiyo maana huwa nyingi katika mchanga uliosafiri mbali.

Olduvai imezungukwa na vyanzo viwili tofauti vya mashapo. Upande wa kusini na mashariki ipo milima ya volkano ya Ngorongoro, Olmoti na Lemagrut. Upande wa magharibi na kaskazini kuna miamba ya kale iliyogeuzwa na joto na mgandamizo, yenye kwatzi na felspa nyingi, ambayo umri wake unazidi miaka milioni 500. Vyanzo vyote viwili vilichakaa na kupeleka mabaki yake katika beseni moja.

3.0 Usafirishaji na Utuaji

Maji yaendayo kasi hubeba changarawe. Yanapopungua nguvu huangusha mchanga, ambao chembe zake huwa kati ya milimita 0.06 na 2. Na mfinyanzi hutua pale tu maji yanapotulia. Kadiri chembe inavyosafiri na kugonganishwa ndivyo ncha zake zinavyopunguka na kuwa za mviringo.

Matabaka ya chini ya Olduvai yanaonesha mpangilio huo. Katikati ya beseni palikuwa na ziwa la maji ya magadi, ambalo liliacha tabaka nene la mfinyanzi. Pembezoni mwake vilipita vijito vilivyoacha mchanga na changarawe. Juu ya yote hayo, kila volkano ilipolipuka, majivu yalishuka kutoka angani na kuifunika nchi kama shuka.

Tofauti kati ya majivu na mchanga ni ya msingi. Fuwele za majivu zilipoa wakati wa mlipuko na kutua muda mfupi baadaye; hivyo umri wake unakaribiana sana na umri wa tabaka. Chembe za mchanga zilizaliwa katika mwamba mwingine, pengine mamilioni ya miaka kabla ya kutua.

4.0 Kushikamana kwa Mashapo

Mashapo hayawi mwamba kwa kutua tu. Uzito wa matabaka ya juu huyabana na kuyakamua maji. Kisha madini yaliyoyeyuka, kama vile kalsiti, silika na oksidi za chuma, huganda katikati ya chembe na kuzishikamanisha. Huko Olduvai, maji ya magadi yaliibadili haraka kioo ya volkano kuwa madini ya zeoliti, ambayo yalisaidia kuyagandisha majivu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya matabaka hayo haikuwa ngumu sana, jambo linaloeleza ni kwa nini mito iliweza kuchimba bonde lenye kina cha mita 90 hivi.

5.0 Athari kwa Upimaji wa Umri

Mbinu ya potasiamu na agoni hupima muda uliopita tangu fuwele ilipopoa. Haipimi siku iliyotua. Tuchukulie, kwa mfano wa kukadiria tu, sampuli yenye fuwele 1,000 zinazolingana, ambapo 999 zina miaka milioni 1.8 na moja, iliyoletwa na kijito kutoka miamba ya kale, ina miaka milioni 500. Zikipimwa kwa pamoja, chembe hiyo moja huongeza wastani kwa takribani miaka nusu milioni. Kosa la namna hiyo lingetosha kuupotosha mfuatano wa historia ya binadamu.

Kinga ya kwanza hupatikana mbele ya mwamba wenyewe. Majivu yaliyotua moja kwa moja huwa tabaka lenye unene uliolingana, na fuwele zenye ncha kali. Majivu yaliyosombwa tena na maji huwa na tabaka za mshazari, chembe za mviringo na kwatzi ya kigeni. Kinga ya pili ni kupima fuwele mojamoja, mbinu iliyotumika Olduvai tangu miaka ya 1990 na iliyosaidia kuuweka umri wa Zinjanthropus kuwa takribani miaka milioni 1.84.

6.0 Hitimisho

Kuchakaa na mmomonyoko ndivyo vilivyotoa mashapo ya Olduvai, na ndivyo vinavyoyafungua leo. Mvua iliyofichua fuvu mwaka 1959 ni ya aina ile ile inayosomba mifupa mingine hadi chini ya mteremko. Mfupa ukishaacha tabaka lake, hubaki mfupa, lakini hupoteza tarehe. Kwa sababu hiyo, maelezo makini ya mashapo yanayouzunguka mfupa hayana budi kutangulia kuondolewa kwake.