Maradhi Yasiyopata Jina Siku ya Kwanza

Mgonjwa aendaye kwa tabibu aghalabu hatafuti dawa peke yake, bali hutaka pia jina la maradhi yake, apate la kuwaambia jamaa zake waliomchangia nauli. Katika zahanati na vituo vya afya vya Ufipa, tangu mitaa ya Izia mjini Sumbawanga hata vijiji vinavyotelemkia Ziwa Tanganyika upande mmoja na bonde la Rukwa upande wa pili, jina hilo mara nyingi halipatikani siku ya kwanza, hasa yanapohusika maradhi ya nafsi. Na tabibu alitoaye upesi kuliko dalili zinavyoruhusu huweza kudhuru kuliko mwenziwe aliyekiri kwamba bado anatafuta.

Tuseme amekuja mama wa makamo, mkulima wa mahindi na ulezi, ambaye moyo unamwenda mbio, kichwa kinamwaka moto, usingizi umemhama na chakula hakimpiti kooni. Hasemi kuwa ana huzuni, na akiulizwa hivyo pengine atakana, kwa kuwa huzuni kwake hupelekwa kwa Mungu au kwa dada yake. Kinachopelekwa hospitali ni mwili. Hupimwa malaria, hupimwa homa ya matumbo, kisha hurudi kwake na vidonge vya maumivu na, zikiwapo fedha, sindano ya vitamini. Mwezi ufuatao yupo tena kwenye foleni, na wahudumu hutazamana. Marejeo yale hudhaniwa kuwa usumbufu, ilhali ni ushahidi kwamba swali lililomleta halijaulizwa.

Huenda ni sonona. Huenda ni wahka, au msiba ambao haujamaliza kulilika, au kipigo cha nyumbani asichoweza kukitaja mumewe akiwa amesimama mlangoni. Na huenda pia ni upungufu wa damu, au tezi ya shingo iliyovuruga kazi yake, au virusi vya UKIMWI, au pombe. Wala hakuna sheria ya maumbile inayokataza mambo mawili au matatu kati ya hayo kukaa katika mwili mmoja.

Kabla ya kusubiri lolote, tabibu mwenye hadhari huondoa kwanza yale yanayoua. Mtu aliyekuwa mzima juzi na leo anaweweseka, hajui ni asubuhi au jioni, hali yake ikizidi usiku na kupungua mchana, haifai kuitwa mwendawazimu mpaka yatazamwe malaria ya ubongo, homa ya uti wa mgongo, sukari iliyoshuka, jeraha la kichwa na pombe iliyoachwa ghafla. Katika nyanda wanakofugwa nguruwe kwa wingi, uchunguzi uliofanywa Mbulu na Mbozi umeonyesha kuwa vifuko vya minyoo ya tegu vinavyotua ubongoni ni miongoni mwa sababu za kifafa, nacho kifafa huweza kujidhihirisha kwa vituko ambavyo jirani huviita mapepo. Na mwenye kukata tamaa aulizwe waziwazi kama amewaza kujiua. Hofu kwamba swali hilo litampandia wazo hilo haina msingi. Wengi huona nafuu kuulizwa.

Yakishaondolewa hayo, na hali ikiwa bado haijabainika, kuna mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani liliutoa mwaka 1431 Hijria, yaani 2010, kwa ajili ya wahudumu wasio mabingwa wa akili. Unawaonya wasirudierudie vipimo visivyo na haja, wala wasimtulize mgonjwa kwa sindano na vitamini zisizomtibu. Unawataka wakubali kwamba maumivu yake ni ya kweli hata kipimo kisipoona kitu, wamuulize yeye mwenyewe anadhani yametoka wapi, na wampe siku ya kurudi. Hilo la mwisho ndilo, kwa rai yangu, linalotenganisha kusubiri na kutelekeza. Haraka ya dawa nayo ina hatari zake: diazepamu huleta mazoea, na dawa ya sonona akipewa mtu ambaye zamani alipata kuwa na vipindi vya uchangamfu uliovuka mipaka, asiyelala wala kuchoka, huweza kumrudisha huko.

Anapotoka zahanati bila jina, mgonjwa hulipata kwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanaanthropolojia Roy Willis alishuhudia Ufipa harakati ya Kamcape, ambayo wafuasi wake walipita vijijini wakisafisha uchawi. Na Dar es Salaam, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta maradhi ya kawaida ya nafsi kwa karibu robo ya waliohudhuria vituo vya afya, lakini kwa karibu nusu ya waliokwenda kwa waganga wa jadi. Sioni fahari ya kuwadhihaki wagonjwa hao. Mganga aliwapa maelezo na muda, na tabibu afadhali aulize kwa upole walikopita na dawa walizokunywa, kuliko kuwafundisha kuficha.

Hospitali ya Mirembe, ya maradhi ya akili, iko Dodoma, mbali mno na Izia, na mabingwa ni wachache. Kwa hiyo kazi hii itabaki mikononi mwa tabibu wa kawaida mwenye foleni ndefu. Hawezi kumpa mama yule saa nzima, lakini anaweza kumpa dakika kumi leo na kumi baada ya wiki mbili, mbele ya yule yule aliyemsikiliza mara ya kwanza na akaandika alichosikia, huku dada yake akiombwa, kwa ridhaa ya mgonjwa, aangalie anavyolala na anavyokula, na amrudishe kabla ya siku hiyo iwapo ataanza kuzungumzia kifo.