Alama za Mimba Katika Jeni za Mama

Mimba hubadilisha utendaji wa jeni za mama bila kugusa maandishi ya jeni zenyewe. Vikundi vidogo vya kemikali viitwavyo methili hunata kwenye DNA, na vinaponata jeni aghalabu hunyamaza. Vikiondoka huweza kuamka. Elimu ya alama hizi ni epijenetiki. Kwa kuwa baadhi ya alama hizo hujipanga kwa utaratibu kadiri mtu anavyozeeka, damu kidogo yatosha kukadiria umri wa mwili, ambao si lazima ulingane na ule wa kitambulisho.

Machi 2024, kundi la Kieran O'Donnell wa Chuo Kikuu cha Yale lilichapisha vipimo vya wanawake 119. Kuanzia mwanzo wa mimba hadi karibu na mwisho wake, umri huo uliongezeka kwa takriban mwaka 1 hadi 2. Miezi 3 baada ya kujifungua ulikuwa umeshuka, na zaidi kwa walionyonyesha maziwa ya mama pekee. Kwa walioanza mimba na uzito mkubwa, ulishuka kwa kiasi kidogo zaidi. Mwezi uliofuata, Calen Ryan na wenzake walieleza habari za vijana 1,735 wa Cebu, Ufilipino: kila mimba iliambatana na miezi 2 hadi 3 ya ziada kwa wanawake. Kwa wanaume waliopata watoto, ongezeko hilo halikuonekana.

Mjini Oyugis, Kenya, kwenye ukanda wa malaria wa Ziwa Viktoria, mwili wa mjamzito una mzigo mwingine, na hapo epijenetiki humtumikia adui. Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, kina jeni zipatazo 60 za kundi la var. Hufungua moja tu kwa wakati mmoja. Nyingine hufungwa kwa alama zilizo kwenye protini zinazozungukwa na DNA. Kikifungua var2csa, chembe nyekundu za damu zilizoambukizwa hung'ang'ania kondo la nyuma. Mwenye mimba ya kwanza hana kingamwili za kuzizuia, kwa hiyo ndiye huumia zaidi: damu humpungua na mtoto huzaliwa na uzito mdogo. Katika mimba zifuatazo kinga hujengeka.

Ndiyo sababu kliniki humpa mjamzito SP, dawa ya kuzuia malaria, tembe 3 kwa kila dozi, azimeze mbele ya muuguzi, kuanzia muhula wa pili wa mimba, dozi zikipishana kwa angalau mwezi. Anayeishi na virusi vya UKIMWI na kutumia septrini hapewi SP. Wajawazito hupewa pia madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki. Asidi hiyo, kama foleti iliyomo kwenye mnavu na kunde, husaidia mwili kutengeneza methili zilezile zinazobandikwa kwenye DNA.

Baada ya kujifungua, macho yote huhamia kwa mtoto, anayechanjwa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Hiyo ya 14 inakaribiana sana na miezi 3 ya vipimo vya Yale. Mama yupo kliniki siku hiyo, mtoto mapajani. Kumpima presha na kiwango cha damu, na kumuuliza anavyonyonyesha, hakumgharimu nauli nyingine.