Ganzi Baada ya Kuumia Kiuno (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi pingili za kiuno zinavyobeba uzito wa mwili. Leo tutazame malalamiko yanayosikika sana baada ya mtu kuanguka kwa makalio, iwe bafuni penye utelezi, kutoka kwenye mnazi au nyuma ya bodaboda: ganzi.

La kuuliza kwanza ni ganzi yenyewe iko wapi. Kwa mtu mzima, ugwe mgongo unaotoka kwenye ubongo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kutoka hapo kwenda chini, ndani ya mfereji wa mifupa, kunaning'inia kishada cha mishipa ya fahamu ambacho madaktari hukiita mkia wa farasi. Kila mshipa una himaya yake. Ukibanwa ule wa tano wa kiuno, ganzi hushuka hadi kwenye kidole gumba cha mguu. Ukibanwa unaofuata chini yake, huishia ukingoni mwa unyayo, kwenye kidole kidogo.

Kifandugu kikiumia peke yake, kwa kawaida tatizo ni maumivu ya kukaa, nayo hupungua baada ya wiki kadhaa.

Inayotisha ni ganzi ya sehemu zile zinazogusa kiti cha baiskeli: sehemu za siri, njia ya haja kubwa na ndani ya mapaja. Mtu anajipangusa chooni na hahisi mkono wake. Kibofu kinajaa bila yeye kubanwa na haja, kisha mkojo unachuruzika wenyewe. Mwanamume anaweza kupoteza nguvu za kiume. Hapo mkia wa farasi umebanwa, na dakika zinahesabika. Hupigwa picha ya MRI, na madaktari wa upasuaji hujitahidi kuufungua mbano huo mapema, ikiwezekana kabla ya saa 48 kupita. Mishipa ikishakufa, mgonjwa anaweza kuishi na mpira wa mkojo maisha yake yote.

Kinachoniumiza ni kwamba wengi huchelewa kwa aibu. Mzee aliyesindikizwa hospitali na mkwewe atasema kiuno kinauma, na hayo mengine atayameza. Daktari au muuguzi amwombe msindikizaji atoke, kisha aulize waziwazi kuhusu choo na mkojo, na apime hisia za ngozi hadi kwenye njia ya haja kubwa. Kuandika dawa ya maumivu bila kuuliza hayo si tiba.

Na kwa mchuaji usiende. Pingili iliyovunjika ikisukumwa kwa mikono inaweza kuikata mishipa iliyosalimika.

Ewe msomaji, dalili hizo zikikupata usiku, usisubiri kupambazuke. Nenda hospitali usiku huohuo, na ukifika useme bila kuficha: sihisi ninapojipangusa, na mkojo hautoki.