Mbuzi wa Maziwa kwa Nchi Kavu ya Bariadi

Mazungumzo ya leo yanawahusu hasa ninyi wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Tunazungumzia mbuzi wa maziwa.

Huenda unajiuliza: "Mbuzi wa maziwa wa nini, na huku kwetu ni nchi ya ng'ombe?" Swali zuri. Lakini itazame kaya isiyo na ng'ombe, au ile ambayo ng'ombe wake hupelekwa mbali wakati wa kiangazi kufuata majani na maji. Ng'ombe wakiondoka, na maziwa yameondoka. Watoto hubaki na uji mtupu mpaka mvua zirudi. Mbuzi haendi mbali. Chakula kinachomtosha ng'ombe mmoja huweza kuwatosha mbuzi watano, na kazi ya kumtunza mbuzi inawezwa na mama, mzee, hata kijana wa shule akitoka darasani.

Sasa, ni mbuzi yupi? Hapa ndipo wengi hupotezea fedha zao. Mtu husikia sifa za Saanen au Toggenburg, akauza magunia yake, akanunua. Ndugu mkulima, majina hayo mawili ni majina ya mabonde ya Uswisi, nchi ya baridi na majani mabichi. Ni mbuzi wazuri sana, lakini wanataka chakula kingi na matunzo ya karibu. Mbuzi wa Norwe waliofika Mgeta katika miaka ya 1980, kwa kazi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, waliwakubali wakulima wa huko. Lakini Mgeta iko juu ya milima ya Uluguru, kuna ubaridi na majani. Bariadi si Mgeta.

Kumbe jirani zetu walikwisha kulifikiria jambo hili zamani. Malya, wilayani Kwimba, hapo hapo karibu na Maswa, wataalamu walianza katika miaka ya 1960 kutengeneza mbuzi wa nchi kavu. Walichanganya damu ya aina tatu: Kamorai wa Pakistani mwenye maziwa, Boer wa Afrika Kusini mwenye nyama, na mbuzi wetu wa kienyeji anayevumilia jua na maradhi. Katika kila sehemu 100 za damu yake, 55 ni za Kamorai, 30 za Boer na 15 za kienyeji. Huyo ndiye mbuzi wa Malya. Baadaye kazi hiyo iliendelezwa Kongwa, mkoani Dodoma. Hakamuliki sana kama yule wa Uswisi, lakini anampita wa kienyeji kwa mwili na kwa maziwa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: anza na chotara. Tafuta beberu mmoja wa Malya, au chotara wa maziwa, umpandishe kwa majike yako ya kienyeji yenye viwele vizuri. Mtoto atakayezaliwa amekwisha kuijua ardhi hii kwa upande wa mama yake. Chotara wa maziwa akilishwa vizuri anaweza kukupa lita moja hadi mbili kwa siku. Asipolishwa, hata damu ya Uswisi haikamuliki.

Na hilo ndilo jambo kubwa la leo. Maziwa huingia kwa mdomo. Ukimwachia mbuzi wa maziwa azurure na wale wengine mwezi wa Septemba, akila vumbi na maganda, usimlaumu kwa kukauka.

Panga chakula mapema. Mvua zikiwapo, kata majani yanapoanza kutoa maua, yakaushe, uyahifadhi juu ya kichanja penye paa. Hifadhi pia marando ya viazi, mabua ya karanga, na masalia ya choroko na dengu. Panda milusina kuzunguka boma. Mizizi yake huenda chini, nayo huchelewa kukauka. Kama ukoo wenu una ngitili, tengeni sehemu ya kukatia majani ya mbuzi wanaokamuliwa. Mashudu ya pamba ni chakula chenye nguvu: mpe mbuzi mkubwa kiasi kidogo kila siku, lakini vitoto usivipe kabisa. Tena, usimlishe majani ya pamba iliyopigwa dawa. Na maji safi yasikosekane bandani, kwa maana maziwa mengi ni maji.

Banda lijengwe kwa miti ya hapa hapa. Liinue juu ya ardhi, sakafu iwe ya fito zenye nafasi ndogo ili kinyesi kianguke chini, lakini kwato zisinase. Mbuzi anayelala pakavu hapati minyoo na kikohozi kwa urahisi. Samadi inayoanguka ni mali ya bustani yako. Mwone mtaalamu wa mifugo wa kata kuhusu dawa za minyoo na chanjo za homa ya mapafu na sotoka ya mbuzi.

Sasa beberu. Asimpande binti yake. Watoto wa namna hiyo hudhoofika, na faida yote ya damu mpya hupotea. Wakulima watano au sita wanaweza kununua mabeberu wawili na kubadilishana kabla mabinti hawajafikia kupandwa. Andika tarehe ya kupanda. Mimba ni miezi mitano, siku 150 hivi. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Miezi miwili kabla ya kuzaa, acha kumkamua. Akizaa, mtoto anyonye dang'a saa hizo hizo. Beberu akae mbali na wanaokamuliwa, maana harufu yake huingia katika maziwa.

Mwisho, chemsha maziwa. Ugonjwa wa kutupa mimba humpata hata mtu kwa maziwa mabichi. Na kabla ya kuuza kikombe cha kwanza, hakikisha watoto wa nyumbani wamekunywa. Mbuzi huyu umemleta kwa ajili yao.

Ndugu mkulima, mvua zikianza usingoje. Anza na majani na banda, mbuzi afuate.