Dagaa Wetu na Foleni ya Tunduma

Huenda msomaji wa visiwani akauliza: Tunduma inatuhusu nini sisi watu wa baharini? Jawabu limo ndani ya magunia. Dagaa wanaochemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa hapa Unguja wana wateja wengi Kongo. Huvushwa hadi Dar es Salaam, na lori linalokwenda Lubumbashi hupita Tunduma, likaingia Nakonde, Zambia.

Mnamo Oktoba 2019 Marais John Magufuli na Edgar Lungu walizindua hapo kituo cha pamoja. Mwenye kutoka Tanzania hukaguliwa mara moja upande wa Nakonde, na mwenye kutoka Zambia upande wa Tunduma, maofisa wa nchi zote mbili wakiwa chini ya paa moja. Ni mpango wa busara.

Lakini jengo peke yake halipigi muhuri. Hata baada ya mwaka huo foleni ndefu za malori zimeonekana huko. Shaba yaweza kungoja. Dagaa akishapata unyevu chini ya turubai huota ukungu, na hasara humrudia mama aliyemwanika. Abiria wa kawaida naye, furushi kichwani, hupenya baina ya magurudumu.

Inafaa, basi, ndugu zetu wa forodha, uhamiaji na ukaguzi wa vyakula wakubaliane kwamba shehena inayoharibika itangulie. Na hati zikamilishwe hapa Malindi, kabla gunia halijapakiwa chomboni. Hilo halihitaji kungoja mkutano mwingine.