Mtoto Anayejitenga: Je, Amerithi au Amelelewa Hivyo?
(Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliwatofautisha watoto wa aina tatu ambao kwa mtazamo wa haraka huonekana sawa. Wapo wanaotamani kucheza na wenzao lakini hofu inawarudisha nyuma, wapo wanaoridhika wakiwa peke yao, na wapo ambao wenzao ndio wamewatenga. Leo tunalijibu swali linalowakosesha wazazi usingizi: tabia hii mtoto ameitoa wapi?

Wahenga walituachia majibu mawili. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hapo lawama yote humwangukia mama. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Hapo hakuna la kufanya. Familia nyingi zimeumizwa na moja kati ya kauli hizi, na ushahidi wa kisayansi hauipi ushindi hata moja.

Njia kuu ya kulichunguza jambo hili ni kuwalinganisha mapacha. Pacha wa yai moja wana jeni zilezile. Pacha wa mayai mawili hushirikiana takriban nusu ya zile jeni zinazowatofautisha watu, kama ndugu wengine wa tumbo moja, ingawa nao hulelewa nyumba moja na kwa wakati mmoja. Basi ikiwa pacha wa yai moja wanafanana zaidi katika kujitenga kuliko wale wa mayai mawili, ziada hiyo ya kufanana inaashiria mchango wa jeni.

Uholanzi ina sajili kubwa ya mapacha, iliyoanzishwa mwaka 1987 katika Chuo Kikuu cha Vrije, Amsterdam, chini ya Profesa Dorret Boomsma. Mwaka 2008 Rosa Hoekstra, Boomsma na wenzao walichapisha matokeo kutoka familia 14,889. Mama na baba, kila mmoja kwa nafasi yake, walijaza dodoso kuhusu watoto wao wakiwa na umri wa miaka 3, 7, 10 na 12. Kwa wavulana, jeni zilieleza kati ya asilimia 50 na 66 ya tofauti za kujitenga. Kwa wasichana, kati ya 38 na 64. Tofauti hizo zilipoendelea kutoka umri mmoja hadi mwingine, uendelevu huo ulitokana zaidi na jeni: asilimia 74 kwa wavulana na 65 kwa wasichana.

Takwimu hizi husomwa vibaya mara nyingi, kwa hiyo tuzitazame kwa makini. Asilimia 60 haina maana kwamba sehemu sita kati ya kumi za upweke wa mwanao zimetoka kwenye damu na nne zimetoka nyumbani. Takwimu hii haimpimi mtoto mmoja. Inapima tofauti zilizopo baina ya watoto wa jamii fulani, katika mazingira yao. Watoto wote wakilelewa katika hali inayofanana, tofauti zitakazobaki zitatokana zaidi na jeni, na asilimia itapanda ingawa jeni zenyewe hazijabadilika. Ndiyo maana hesabu ya Uholanzi haiwezi kuhamishiwa Kilifi au Kigoma kama ilivyo.

Jeni hufanyaje kazi hiyo? Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwaonyesha watoto wachanga wa miezi minne vitu vigeni, akawasikilizisha sauti wasizozizoea. Takriban mmoja kati ya watano alirusha mikono na miguu na kulia. Hao ndio walioelekea zaidi kuwa waoga wa watu na mambo mapya walipokua. Mwaka 2003 Carl Schwartz, Kagan na wenzao walipima ubongo wa vijana waliokuwa waoga wakiwa na umri wa miaka miwili. Amigdala, sehemu ya ubongo inayotahadharisha juu ya hatari, iliitikia sura ngeni kwa nguvu zaidi kuliko kwa vijana waliokuwa wachangamfu utotoni. Mtoto wa namna hii hana kiburi wala hakukosa adabu. Mwili wake huona hatari pale wengine wasipoiona.

Hata hivyo, hakuna jeni moja ya kujitenga. Kwa muda watafiti waliitilia maanani jeni inayohusika na usafirishaji wa serotonini, kemikali ya ubongo, lakini tafiti kubwa zaidi zimeonyesha kuwa tabia za aina hii hutokana na jeni nyingi mno, kila moja ikichangia kidogo sana.

Tena urithi si hukumu. Kagan mwenyewe aliona kwamba wengi wa watoto wale walioshtuka hawakubaki waoga kupindukia. Huko Uholanzi, mchango wa mambo yanayompata mtoto mmoja bila ndugu yake, kama vile mwalimu, rafiki au ugonjwa, pamoja na makosa ya upimaji, ulipanda kutoka asilimia 22 hadi 28 katika umri wa miaka 3 mpaka asilimia 35 hadi 41 katika umri wa miaka 12. Nchini Australia, Ronald Rapee na wenzake waliwafundisha wazazi wa watoto waoga wa umri wa shule ya awali, kwa vikao sita tu, namna ya kuwazoeza watoto kuzikabili hofu zao hatua kwa hatua badala ya kuwakinga na kila kitu. Baada ya mwaka mmoja, watoto hao walikuwa na matatizo machache ya wasiwasi kuliko wale ambao wazazi wao hawakufundishwa.

Kwa hiyo, mzazi, usijilaumu kwa hulka ambayo mwanao alikuja nayo, wala usimwite bubu au mshamba mbele ya wageni. Mtoto anayeogopa wengi mtafutie rafiki mmoja kwanza. Mpe muda azoee, lakini usimwondoe kila anapoogopa, maana hapo atajifunza kwamba kukimbia ndiyo salama yake.

Wiki ijayo tutaingia darasani: mwalimu mwenye wanafunzi wengi amtambueje mtoto anayejitenga kwa hofu, na amsaidieje bila kumwaibisha?