Fahamu: Kifaa cha mionzi kikipotea Nairobi, nani aambiwe?

Vifaa hivi viko wapi?
Katika hospitali zinazotibu saratani, viwandani, na kwa wahandisi wanaopima ushikamano wa udongo wa barabara. Vilivyokwisha kazi huhifadhiwa katika kituo cha serikali cha taka za mionzi huko Oloolua, karibu na Karen.

Nani anasimamia?
Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia Kenya (KNRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kurithi kazi za Bodi ya Kinga dhidi ya Mionzi. Mwenye leseni ndiye wa kwanza kubeba jukumu la usalama. Chombo kikiibwa, kikivuja au mfanyakazi akipigwa na mionzi kupita kiasi, mamlaka iarifiwe bila kuchelewa.

Kwa nini haraka?
Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazil, waokota vyuma walibeba mashine ya tiba iliyotelekezwa. Unga wake wa sizimu-137 uling'aa kwa rangi ya samawati, watu wakagawana. Ilipita takriban wiki mbili kabla hatari kugunduliwa. Watu 4 walifariki na 249 wakachafuliwa.

Ukikuta kifaa cha mionzi kwa muuza vyuma vikuukuu, Kawangware au Gikomba?
Tafuta alama ya mapanga matatu yaliyozunguka kitone, mara nyingi kwenye rangi ya manjano. Usiguse wala usifungue. Sogea mbali, zuia wengine, kisha piga 999 au 112. Mionzi haionekani wala hainuki. Kutohisi chochote si dalili ya usalama.